Mti Haujakufa, Umelala: Jinsi ya Kuisoma Miti ya Mapambo Nyumbani kwa Misimu Yote ya Mwaka

Wiki hii nilipanga kuandika kuhusu nyanya za kiangazi, ila nimeziweka pembeni kwanza. Simu za aina moja zimekuwa nyingi mno: "Bwana shamba, miti yangu ya maua imekauka, nifanyeje?" Nyingine zinatoka kwa wenye nyumba, nyingine zinatoka kwenu nyinyi vijana wenye vitalu vya miche. Jibu langu kwa wengi ni moja: weka panga chini kwanza, tuongee.

Nianze na kisa. Agosti mwaka juzi kijana mmoja wa hapa Kihonda mwenye kitalu cha miche alinipigia asubuhi na mapema. Sauti tu ilionyesha hajalala. "Shikamoo bwana shamba. Naomba uje, nadaiwa." Mwezi Mei alikuwa amemuuzia mama mmoja mstaafu mikrismasi 40 ya kupanda kwenye eneo lake, anataka kulifanya bustani ya sherehe. Alilipwa nusu, nusu nyingine ibaki hadi miti ishike. Sasa miti yote imepukutika, imebaki fito. Mama anataka hela yake yote irudi.

Tulipofika tulimkuta mama amekaa kwenye kiti, fundi wake ameshang'oa miti 11 na kuirundika pembeni. Akamtazama kijana akasema, "Mwanangu, umeniuzia kuni." Mimi akaniambia, "Na wewe bwana shamba, umekuja kumtetea mwenzio?"

Sikubishana naye. Nilichukua mche mmoja kwenye lile rundo, nikakwangua gome kwa ukucha. Chini yake kulikuwa kijani kibichi, kina unyevu. Nikakwangua wa pili, kijani. Wa tatu, kijani. Mama akanyamaza. Kijana naye akanyamaza, na hapo ndipo nilipogundua tatizo lenyewe: hata yeye muuzaji hakujua kwamba mkrismasi hulala. Anauza mti ambao hajawahi kuuangalia mwaka mzima.

Msinione namcheka. Miaka mingi nyuma, kabla sijawa hata afisa ugani, mimi mwenyewe niliukata mkrismasi wa nyumbani mwezi wa nane nikidhani umekufa. Panga lilipoingia nikaona ubichi, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Novemba kisiki kikachipua. Mpaka leo mti ule una mashina matatu yaliyopinda, na kila nikiupita unanikumbusha.

Kwa hiyo leo tujifunze kuisoma miti ya mapambo iliyopo majumbani kwetu, msimu kwa msimu. Raha ya macho ipo, na sioni aibu kuisema. Ila kwa wewe unayeuza miche, hii pia ni elimu ya mtaji.

Kwa nini mti unajivua majani?

Morogoro tuna mvua za vuli, kwa kawaida kuanzia Oktoba au Novemba hadi Desemba, na masika kuanzia Machi hadi Mei. Kati ya Juni na Septemba ni kukavu. Ukiwa Kihonda unaiona milima ya Uluguru imevaa wingu huku kwako vumbi linatimka. Milima ile, hasa upande wa mashariki, hupata mvua nyingi sana kuliko sisi huku chini. Kwa hiyo ukisoma ushauri wa mtu wa mlimani, usiuchukue mzima mzima kuuleta huku.

Mti hupoteza maji mengi kupitia vitundu vidogo vilivyopo kwenye majani. Udongo ukikauka, miti mingine huamua kupunguza matumizi. Kwanza inarudisha sehemu ya chakula kutoka kwenye majani kwenda kwenye matawi na shina, ndiyo maana jani linageuka njano au jekundu kabla ya kudondoka. Kisha inaziba pale jani liliposhikia, jani linaanguka. Ni sawa na mwenye duka anayefunga mapema siku ambayo hakuna wateja: hajafilisika, anaokoa gharama.

Miti mingine haifanyi hivyo. Mwashoki hubaki kijani mwaka mzima, unabadilisha majani kidogo kidogo. Mwembe vilevile. Kwa hiyo kitu cha kwanza kujua kuhusu mti wowote unaoupanda au kuuza ni hiki: ni wa kujivua au ni wa kijani siku zote?

Juni hadi Agosti: msimu wa fito

Hiki ndicho kipindi cha kipupwe na kiangazi, na ndicho miti mingi hukatwa kwa kutoeleweka. Mkrismasi unapukutika, zinabaki ganda zake ndefu nyeusi zikigongana na upepo. Franjipani, ule mti wa maua meupe yenye njano katikati ambao ukivunja tawi unatoa maziwa, unabaki na vidole vinene vitupu. Mkungu nao majani yake makubwa yanageuka mekundu na rangi ya shaba kabla ya kuanguka. Ukitaka kuona rangi hizo, kaa chini ya mkungu jua likiwa linazama uangalie juu.

Kazi za kipindi hiki:

1. Kwangua kabla ya kuhukumu. Anza kwenye ncha ya tawi. Ukikuta kahawia na ukavu, shuka chini zaidi. Kijani chenye unyevu maana yake mti uko hai kuanzia hapo kushuka chini. Ukifika usawa wa udongo bado ni kahawia, hapo kweli umekufa.

2. Miche iliyopandwa masika ya mwaka huo imwagilie hata kama haina majani. Mizizi bado ni mifupi. Ndoo moja ya lita 20 polepole, mara moja au mbili kwa wiki, ni bora kuliko kikombe kila siku. Maji kidogo ya kila siku huifundisha mizizi kubaki juu.

3. Miti mikubwa ya kujivua iache ipumzike. Usiimwagie maji mengi wala kuiwekea mbolea ya urea. Mkrismasi au mjakaranda unaobembelezwa kwa maji na naitrojeni hutoa majani mengi na maua machache.

4. Tandaza majani makavu au pumba za mpunga kuzunguka mche, lakini acha nafasi ya kiganja kutoka kwenye shina. Kiangazi mchwa wana njaa, na matandazo yaliyogusa shina ni daraja lao.

5. Kusanya mbegu. Ganda za mkrismasi zimekomaa, na vile vibunda bapa vya mjakaranda vimekuwa kahawia. Mwenye kitalu, hii ni malighafi ya bure iliyopo mtaani kwako. Omba ruhusa kwa mwenye mti kwanza.

Septemba na Oktoba: maua kabla ya mvua

Joto linapanda, bado hakuna mvua, udongo ni kama tofali. Halafu mjakaranda unatoa maua ya zambarau bila hata jani moja. Watu hushangaa: maji umeyapata wapi?

Maji na chakula vilikuwa akibani, kwenye shina na mizizi. Na kwa kuwa hakuna majani ya kupoteza maji, hata kidogo kilichopo kinatosha kutoa maua. Tena ua lililo kwenye tawi tupu nyuki analiona kwa mbali kuliko lililojificha kwenye majani. Kwa hiyo kile tulichokiita ukame, kwa mti ule ni mpango.

Mjakaranda asili yake ni Amerika Kusini. Unapendeza zaidi kwenye maeneo yenye kiangazi kikavu na ubaridi kiasi. Huku chini kwetu, ambako mji uko kwenye takriban mita 500 kutoka usawa wa bahari, usimwahidi mteja maua kama ya nyanda za juu. Kuna miaka utajaza, kuna miaka utatoa upande mmoja tu. Mwambie mapema.

Ukitembea kwenye miteremko kipindi hiki, angalia pia mti wetu wa asili, mwamba-ngoma. Nao hutoa maua mekundu ukiwa mtupu, na gome lake ni kama la mbuyu uliochanjwachanjwa. Ni mti wa hapa hapa Afrika, unavumilia ukame, na kwenye vitalu vingi haupo. Kijana mwenye akili ya biashara ameshanielewa.

Msikimbilie kufagia maua yaliyoanguka kila baada ya saa moja. Acha zulia lile lilale siku nzima, watoto wacheze, halafu jioni fagia upeleke kwenye shimo la mboji.

Novemba hadi Januari: mkrismasi unalipa deni

Mvua za kwanza za vuli zikigusa, mkrismasi unaamka. Mmoja unaanza na majani, mwingine unaanza na maua, mwingine vyote kwa pamoja. Kufikia Desemba mti mkubwa unakuwa mwekundu juu kama mwavuli uliowashwa moto. Jina lake limetokana na hapo. Asili yake ni Madagaska, majirani zetu kabisa.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: mkrismasi uliooteshwa kwa mbegu huchukua miaka mitano au zaidi kabla ya kutoa ua la kwanza. Mjakaranda wa mbegu unaweza kuchukua miaka saba na kuendelea. Mteja akikuuliza, "Mwaka huu utatoa maua?" usiseme ndiyo ili uuze. Mwambie kwanza atapata kivuli, maua yatakuja baadaye. Mteja aliyeambiwa ukweli anarudi. Aliyedanganywa anarudi pia, ila anakuja na mwenyekiti wa mtaa.

Kama unataka kumpa maua ya haraka, muuzie franjipani ya pingili. Kata tawi lililokomaa, liache kivulini siku kadhaa hadi maziwa yakauke na kidonda kifunge, ndipo ulipande kwenye udongo usiotuamisha maji. Ukilipanda mbichi linaoza.

Tahadhari ya Januari na Februari: hapa katikati ya vuli na masika jua ni kali. Mti uliopandwa Desemba ukauachia Mungu, Februari unaweza kuukuta umekauka kweli, tena bila kijani chini ya gome. Vuli ikikatika, ndoo ianze kazi.

Machi hadi Mei: kupanda, na kuangalia majani

Masika ndiyo msimu wetu mkuu wa kupanda. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, kina hivyo hivyo, mapema kabla ya mvua. Udongo wa juu weka upande wake, wa chini upande wake. Changanya wa juu na samadi iliyooza vizuri, rudisha, subiri mvua ilowanishe, ndipo upande. Toa kiriba chote. Bado naona watu wanapanda na kiriba, eti mizizi itakipasua. Mizizi inazunguka humo ndani, na miaka michache baadaye mti unang'olewa na upepo.

Uzuri wa msimu huu ni majani. Majani machanga ya mwashoki ni laini, yana rangi ya shaba inayong'aa, kisha yanaiva kuwa kijani. Mkrismasi una majani kama manyoya, mvua ikipita yanashika matone madogo madogo. Na mjohoro, mvua zikielekea kuisha, mara nyingi unaonekana umejaa maua ya njano. Wengi tunauona mjohoro kama kuni na nguzo tu. Mwaka huu uangalie kama mti wa maua.

Daftari la mti: kazi ya dakika mbili

Nimewaomba vijana ninaowatembelea kila mmoja awe na daftari. Chagua miti mitano ya mtaani kwako. Kila mti andika tarehe nne tu: majani yalianza kuanguka lini, ua la kwanza lilionekana lini, majani mapya yalitoka lini, mbegu zilikomaa lini. Rudia mwaka wa pili. Hapo una kalenda ya Kihonda ambayo hutaipata kwenye kitabu chochote, na biashara yako inaifuata:

- Mkrismasi hukua haraka. Ukiotesha kuanzia Novemba, miche inaweza kuwa tayari masika. Mbegu yake ina ganda gumu: mwagia maji yaliyochemka tayari, epua, acha humo zipoe kwa saa 24. Zilizovimba otesha, zilizobaki ngumu rudia.
- Mjakaranda unahitaji muda zaidi kitaluni, otesha mapema. Loweka mbegu kwenye maji ya kawaida saa 24, kisha zifunike kwa udongo kidogo sana.
- Mwashoki na mwarobaini mbegu zake hazitunziki. Zikiiva na kuanguka, ondoa nyama ya tunda uoteshe mapema, ndani ya siku chache. Ukiziweka kwenye mfuko ukasubiri mwezi wa tatu, utaotesha uchafu.
- Mchanganyiko wa kiriba uliozoeleka ni udongo wa juu sehemu tatu, mboji au samadi iliyooza sehemu mbili, mchanga sehemu moja.
- Mwezi mmoja kabla ya kuuza, punguza kivuli na maji taratibu ili mche uzoee shida. Mche uliodekezwa hufia kwa mteja, na lawama ni zako.

Mbegu zikikosekana mtaani, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) wanashughulika na mbegu za miti na wapo hapa Morogoro. Waulizeni, ndiyo kazi yao.

Mti sahihi, mahali sahihi

Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam hadi Morogoro, Juni 2024, na stesheni ikiwa hapa hapa Kihonda, wanaouliza miti ya kivuli kwa nyumba mpya wameongezeka kwangu. Wengi wana viwanja vya mita 20 kwa 20. Kiwanja hicho ukitoa nyumba na shimo la maji taka, kinabeba mti mkubwa mmoja, tena ukibahatika. Mkrismasi una mizizi ya juu juu yenye nguvu na matawi yanayokatika kwa upepo. Uweke mita 8 hadi 10 kutoka kwenye ukuta, shimo la choo na nyaya za umeme. Nafasi haipo? Muuzie franjipani au mwashoki, usimuuzie tatizo.

Kuna ule mti mdogo wa maua ya njano yenye umbo la kengele, majani membamba, ukivunjwa unatoa maziwa. Mbegu zake ni sumu kali kwa watu na mifugo. Oleanda vilevile, sehemu zote. Nyumba yenye watoto wadogo au mbuzi, usipeleke.

Na walioko karibu na milima, Bigwa, Kigurunyembe na kupanda juu: miti ya kigeni isipandwe kandokando ya msitu wa asili. Kule Amani, Usambara Mashariki, mti wa msizi ulipandwa na watu wa misitu kwa nia njema, ukaingia ndani ya msitu wa asili na kutawala sehemu kubwa. Afrika Kusini, nchi yenye Pretoria inayosifika kwa mijakaranda, imeweka masharti ya kupanda mijakaranda mipya kwa sababu ya kusambaa. Msitu wa Uluguru ndio unaolisha mto Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha Dar es Salaam. Karibu na msitu ule, panda ya asili.

Kisa kiliishaje?

Pale kwa yule mama tulikubaliana hivi, mbele ya mashahidi wawili: hakuna kung'oa tena, kijana atakuja kumwagilia kila wiki kwa gharama yake, na hesabu itafanyika mwisho wa Novemba. Ile 11 iliyong'olewa haikuokoka, mizizi ilikuwa imeshakaukia juani. Ilikuwa hai asubuhi ile, tuliiua kwa haraka zetu.

Ikabaki 29. Kijana alikuja kila Jumamosi na ndoo zake, anamwagilia fito. Majirani walimcheka sana. Septemba fito. Oktoba fito. Mimi mwenyewe nikaanza kupata wasiwasi kimoyomoyo, nisiwadanganye.

Mvua ya pili ya Novemba ilinyesha usiku. Siku chache baadaye simu ikaita, yule mama. Hakunisalimia hata.

"Bwana shamba, kuni zangu zimechipua."

Miti 26 ilikuwa na majani. Mitatu ilikufa kweli, mchwa walikula chini. Mama alimlipa kijana salio lake, na ile iliyong'olewa waligawana hasara nusu kwa nusu. Maua bado, na nimemwambia asubiri miaka kadhaa. Anasema hana haraka, siku hizi kila mwezi wa nane anakwenda kukwangua matawi kwa ukucha, anaangalia kijani, anarudi kukaa.

Kijana naye sasa kila anapouza mkrismasi anaandika nyuma ya risiti: "Agosti utapukutika. Usikate."

Nawatakia kiangazi chema. Kabla ya kukata chochote, kwangua kwanza.